Ufunguo wa Gari Lililo Matengenezoni: Mafunzo kutoka Karakana za Shinyanga na Geita

Somo hili linawahusu watumishi wa Serikali wenye dhamana ya vyombo vya moto, mafundi na wanagenzi wa karakana, madereva, na wananchi wote ambao kwa sababu moja au nyengine hupeleka gari zao kutengenezwa. Linazungumzia majeraha na vifo vinavyosababishwa na magari yanayotembea mahali ambapo watu hutarajia kuwa yamesimama, yaani ndani ya karakana, katika viwanja vya gereji, mahali pa kuoshea magari na penye pampu za mafuta.

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akauliza kwa nini mafunzo yafuatwe mbali, Shinyanga na Geita, ilhali karakana tunazo wenyewe. Jawabu ni kwamba katika ukanda ule wa dhahabu namna mbili za kufanya kazi hukaa jirani. Ndani ya ua wa mgodi gari halitengenezwi ila kwa utaratibu mkali. Nje ya ua, kilomita chache tu kando ya barabara, malori hutengenezwa chini ya mti bila ya utaratibu wowote. Chuma ni kile kile na breki zinafanya kazi kwa kanuni ile ile. Tena mara nyengine hata fundi ni yule yule, aliyekuwa mgodini mwaka jana na leo amefungua gereji yake mwenyewe. Mwenye kutaka kujua ni nini hasa kinachomwokoa fundi, na ni nini kinachomuua, hapati mahali pazuri zaidi pa kulinganisha. Na isisahauliwe kwamba vijana wetu pia huvuka bahari kwenda Bara kutafuta kazi za ufundi.

Kwa wasioijua sehemu hiyo, Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, almasi iligunduliwa mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu zama za ukoloni, na mgodi ule wa zamani ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa Geita wa zama hizi ulifunguliwa mwaka 2000, ukafuatiwa na Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, yote miwili katika eneo la Kahama, Mkoa wa Shinyanga; Buzwagi uliacha uzalishaji mwaka 2021. Geita yenyewe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Zaidi ya migodi, ipo bandari kavu ya Isaka, ambapo shehena zinazofika kwa reli hupakiwa kwenye malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Barabara kuu itokayo Singida na Nzega hugawanyika Tinde, mkono mmoja ukielekea Shinyanga na Mwanza, na mwengine Isaka, Kahama na mpakani Rusumo. Kwa hiyo usiku na mchana malori hupita, huharibika na hutengenezwa.

Tuanze na ndani ya ua. Gari la kubebea mawe aina ya Caterpillar 777, ambalo si kubwa kupita yote, hubeba tani zipatazo 90 kwa safari moja, na tairi lake moja lina kimo kinachompita mtu mrefu. Dereva wake hukaa juu kama mtu aliye ghorofani. Fundi akisimama karibu na bampa la mbele, au ubavuni upande ulio mbali na kiti cha dereva, haonekani kabisa. Hata gari dogo la ofisi likiegeshwa hapo halionekani. Ndiyo maana gari ndogo zinazoingia katika mashimo ya migodi hufungwa bendera juu ya mlingoti mrefu na taa yenye kumetameta. Kadhalika ni desturi ya migodi mingi duniani kwamba dereva hupiga honi mara moja kabla ya kuwasha injini, mara mbili kabla ya kwenda mbele, na mara tatu kabla ya kurudi nyuma. Mtu wa miguu haruhusiwi kulikaribia gari mpaka dereva amjibu, kwa redio au kwa ishara, kwamba amemwona. Kupunga mkono tu na kuendelea kutembea hakuhesabiwi kuwa ni ruhusa.

Gari hilo linapoegeshwa, matairi huwekwa ndani ya mfereji, au nyuma ya tuta lililotengenezwa makusudi, ili hata breki zote zikiachia lisipate pa kwenda. Hii ni hekima inayostahili kuigwa na kila mwenye uwanja wa gereji, kwani tuta la udongo halinunuliwi dukani.

Lakini jambo kubwa kuliko yote hayo ni kufuli. Katika karakana ya mgodi kila fundi hupewa kufuli lake, lenye jina lake, na ufunguo wake hukaa mfukoni mwake mwenyewe. Kabla hajaingia chini ya gari, swichi kuu ya betri huzimwa, na kila mmoja mwenye kazi kwenye gari hilo hufunga kufuli lake katika swichi hiyo. Wakiwa mafundi watano, makufuli ni matano. Wanne wakimaliza na kuondoa yao, gari bado haliwezi kuwashwa, maana la mtu wa tano lipo. Msimamizi hana ruhusa ya kulikata kwa kuwa ana haraka. Ikitokea kwamba mwenye kufuli amekwenda nyumbani akalisahau, hutafutwa kwanza, ijulikane yuko wapi, ndipo liondolewe kwa maandishi na kwa sahihi ya mkubwa wa kazi. Utaratibu huu haukubuniwa Geita; Marekani, kwa mfano, iliuweka katika kanuni za viwanda vyake mwaka 1989, na makampuni ya migodi yameueneza kila yanapokwenda.

Wapo wanaoudhihaki, wakasema ni urasimu wa wazungu, na kwamba fundi hupoteza robo saa akifunga na kufungua makufuli. Maoni ya somo hili ni kwamba hawakuuelewa. Katika utaratibu wa kawaida, mwenye uwezo wa kuliwasha gari ni mwenye ufunguo, naye huwa dereva, au mwenye mali, au bosi aliye na miadi mahali pengine. Kufuli linaunyang'anya uwezo huo kutoka kwao wote na kumpa mtu mmoja tu, yule ambaye mwili wake uko chini ya gari.

Sasa tutoke nje ya ua. Gereji zisizosajiliwa, ambazo huko huitwa gereji bubu, zimejaa pembezoni mwa miji ya barabarani na katika vituo vya malori. Haifai kuwadharau mafundi wake. Wengi ni hodari, na bila wao biashara ya nusu ya nchi ingesimama. Lakini tutazame ufunguo uko wapi. Aghalabu umo kwenye swichi, ndani ya kabini, na umegeuzwa nusu kwa sababu redio inaimba na simu ya dereva inachajiwa. Dereva, aliyeendesha usiku kucha, amelala kitandani nyuma ya kiti. Utingo amekaa kwenye usukani. Fundi yuko chini na mwanagenzi wake, miguu yao imetokeza baina ya matairi. Watu watano au sita wamelizunguka gari, na hakuna hata mmoja aliyewekwa kuamua ni nani mwenye haki ya kuliwasha.

Huyo utingo anastahili kuelezwa zaidi. Hana leseni, naye anatamani kuwa dereva. Hakuna chuo alichopelekwa ila uwanja wa gereji. Hapo ndipo anaposogeza lori mita kumi mbele ili linalofuata lipate nafasi, ndipo anapolirudisha nyuma hadi penye shimo la kutengenezea, ndipo anapolipeleka kuoshwa. Madereva wengi wazuri tulionao walijifunza hivyo, na kwa sababu hiyo hakuna anayeona ubaya. Hata hivyo ieleweke kwamba mahali hapo ndipo penye watu wengi zaidi walioinama, waliolala chini, au waliogeuza migongo. Kijana asiye na leseni anazuiwa barabarani, ambako watu husimama na kuangalia magari, akaachiwa uwanjani, ambako hakuna anayeangalia. Penye mashine za kuoshea magari hali ni mbaya zaidi, kwani kelele ya maji huzima mlio wa injini.

Kisha ipo lugha yenyewe. Tuchukue mfano wa fundi anayerekebisha breki akiwa chini, na msaidizi aliye kabini akikanyaga pedali kwa amri yake. Fundi huita, «Kanyaga!» kisha, «Achia!» Sasa, achia nini? Fundi anakusudia pedali. Kijana aliye juu, ambaye dakika tano zilizopita aliambiwa aachie breki ya mkono ili tairi lizunguke, huenda akaachia hiyo. Neno «haya» nalo ni la hatari vile vile. Dereva akiuliza, «Fundi, niwashe?» na fundi, aliyeisikia sauti bila kuyasikia maneno, akajibu, «Haya, haya,» kwa maana ya nimekusikia subiri kidogo, dereva huelewa kuwa ameruhusiwa. Kiswahili chetu kina neno lisilo na utata kwa kila tendo, nalo ni kulitaja tendo pamoja na kitu: achia pedali, vuta breki ya mkono, zima injini. Na jawabu lirudie amri ile ile kabla ya kutenda. Wanamaji wamefanya hivyo tangu zamani, na hapana aliyewacheka.

Yafaa pia kueleza kwa nini gari lililosimama hutembea lenyewe, maana mambo haya hayafahamiki hata kwa baadhi ya maofisa wanaosimamia usafiri.

Malori na mabasi makubwa hutumia breki za upepo. Breki ya kuegesha hushikwa na springi zenye nguvu nyingi, na upepo ulioshindiliwa ndio unaozisukuma springi hizo nyuma ili gari liende. Upepo ukivuja wote, springi hushika na lori halisogei. Lori la namna hiyo hufika gereji likivutwa, au fundi hulikuta limeganda kando ya barabara. Ili lisogezwe, hukaza parafujo iliyo nyuma ya chombo cha springi mpaka springi ibanwe. Tangu dakika hiyo tairi hilo halina breki ya kuegesha hata kidogo, ingawa kwa macho lori ni lile lile lililokuwa limeganda. Njia nyengine ni kuwasha injini ili upepo ujae. Ikiwa kishikio cha breki kilicho kabini kiliachwa katika hali ya kuachia, springi zitarudi zenyewe upepo unapofikia kiwango, na lori litaanza kuteremka bila mtu kugusa kitu. Fundi aliye chini husikia mlio mfupi wa upepo, na muda alionao baada ya hapo ni mdogo sana.

Jambo la pili ni gia. Madereva wengi, kwa kuwa breki ya mkono ni mbovu, huegesha gari kwa gia peke yake. Gia hulizuia gari kwa sababu injini imeungana na matairi kupitia propela. Fundi akifungua propela ili atengeneze giaboksi au difu, amelifungua pia lile lililokuwa likilizuia gari. Akifungua nati ya mwisho, gari liko huru, na yeye yuko baina ya matairi.

La tatu ni stata. Swichi ikiwa mbovu, mafundi huiunganisha stata kwa bisibisi wakiwa chini au ubavuni mwa gari. Likiwa ndani ya gia, gari huruka mbele palepale, na katika yale yenye kinga ya kuzuia injini isiwake ndani ya gia, kinga hiyo huwa imeshapitwa. Matrekta yamewakanyaga watu wengi kwa njia hii katika nchi nyingi za wakulima.

Matatu yote hayo dawa yake moja ni kabari. Si jiwe lililookotwa hapo hapo, ambalo mara nyingi ni la mviringo na tairi hulipanda, bali pande la mbao ngumu lililochongwa pembe tatu, likawekwa mbele na nyuma ya matairi ya nyuma kabla ya nati ya kwanza kufunguliwa, na likaondolewa mwisho wa kazi na yule aliyeliweka.

Katika sehemu kubwa ya Shinyanga pana tatizo jengine, la udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi huwa mgumu kama saruji na wenye nyufa. Mvua ikinyesha hulainika na kuteleza. Jeki iliyosimama imara asubuhi huzama upande mmoja alasiri, gari likalala, na likilala husogea. Mafundi wenye busara huweka ubao mpana chini ya jeki, na hawaingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake bila ya stendi au magogo. Kwetu visiwani udongo wa namna hiyo si mwingi, lakini mchanga wa pwani hufanya vivyo hivyo.

Sasa tuje kwa watumishi wa Serikali. Ofisa anayefika karakana akaliacha gari, akarudi baada ya saa moja na kusema analihitaji mara moja, amekwisha kuwa sehemu ya hatari, hata kama hakugusa usukani. Dereva wake, kwa heshima au kwa hofu, ataingia kabini na kuliwasha ili amwoneshe mkubwa wake kwamba kazi inakwenda. Fundi hatathubutu kumwambia mheshimiwa asubiri. Palipo na kufuli, cheo hakina kazi. Palipo na maneno tu, cheo hushinda. Inatosha basi kwamba gari likipokelewa karakana, ufunguo utolewe kwenye swichi na ukabidhiwe kwa fundi aliyepewa kazi hiyo kwa jina, aandikwe katika daftari, naye auweke mfukoni mpaka atakapotoka chini kwa mara ya mwisho. Wakiwa mafundi wawili, ufunguo utiwe katika kisanduku chenye makufuli mawili. Betri iondolewe waya mmoja. Gari likirudishwa nyuma kuingia shimoni, awepo mwelekezaji mmoja tu, asimame mahali anapoonekana katika kioo, na dereva akimpoteza machoni asimame papo hapo. Kelele za watu watatu, huyu akisema njoo na yule akisema kata kulia, hazimsaidii mtu.

Kuhusu sheria, ikumbukwe kwamba masuala ya kazi si ya Muungano, hivyo kila upande una sheria zake. Tanzania Bara inatumia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala ujulikanao kwa jina la OSHA, na mahali pa kazi hutakiwa kusajiliwa. Zanzibar inatumia Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8 ya mwaka 2005. Kwa upande wa fidia, Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 na Mfuko ulioanza kazi mwaka 2015. Mchango wa Mfuko huo hulipwa na mwajiri peke yake, wala haukatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Mafao yake ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, utengamao, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki.

Kijana wa Unguja anayeajiriwa na kampuni ya usafirishaji Kahama yumo chini ya sheria za Bara. Anapaswa kuuliza siku ya kwanza kama mwajiri wake amesajiliwa na Mfuko, na apate mkataba wa maandishi. Lakini yule anayekaa gereji bubu akilipwa kwa siku, au akijifunza kazi bila ya malipo, atapata shida kubwa hata kuthibitisha kwamba alikuwa na mwajiri. Mguu wake ukikanyagwa na lori, lori hilo litakuwa limekwishavuka Rusumo kabla hajatoka wodini. Ajali ya barabarani hufuatwa na askari wa usalama barabarani, hupimwa na kuandikwa; ya uwanjani aghalabu haiandikwi popote. Kwa hiyo mwenye gereji, hata iwe ndogo namna gani, aweke daftari la ajali, na aandike pia zile zilizokosa kutokea, kama gari lililoteremka likasimama ukutani bila kumgusa mtu. Migodini hizo huandikwa na kujadiliwa kila asubuhi kabla ya kazi kuanza.

Wakuu wa karakana na maofisa usafiri wanaombwa kulibandika somo hili mahali pa kupokelea magari, kando ya ubao wa kutundikia funguo. Pasipo na ubao huo, misumari kumi na kipande cha mbao vinatosha kuutengeneza, na majina ya mafundi yaandikwe juu ya misumari kabla ya gari la kwanza kupokelewa.